Limbwata la Bamia

Wifi yangu Suzana aliitangazia Usevya nzima kwamba nimemlisha kaka yake limbwata. Ushahidi wake? Respicius, mume wangu, mla nyama anayejulikana, sasa anakula bamia na maharage kila siku wala hagombi! Nilikasirika, lakini nikafunga mdomo.

Nilifunga mdomo kwa sababu mume wangu aliniapisha. Daktari wa Mpanda alimpima akakuta lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, imepanda mno. Akampa vidonge, akamkataza nyama ya mafuta, akamwambia kwamba bamia, maharage na karanga vina nyuzinyuzi na vitu vingine vinavyoweza kusaidia kuishusha, ila vidonge asiviache. Tulipotoka nje mume wangu akasema, "Mama Mercy, ndugu zangu wasijue. Wataniona nimekwisha." Basi nikabeba mzigo usio wangu.

Siku ya kuvuna mpunga ndugu walikuja kutusaidia. Kwetu wavunaji wanaume hula sinia moja na mwenye shamba; akijitenga, watu wanajiuliza chakula kina nini. Nikapeleka ugali na nyama iliyonona, na bakuli la bamia la mume wangu nikaliweka pembeni. Suzana akalinyanyua juu, kila mtu alione.

"Dawa yenyewe hii hapa! Kaka, leo huli hiki. Unakula nyama na wenzako, la sivyo huyu mwanamke anarudi kwao!"

Kaka yao mkubwa, Evarist, akamsogezea mume wangu mnofu. Respicius akaushika. Nilijua aibu itamshinda.

Akaurudisha kwenye sinia.

"Mimi ni mgonjwa," alisema. "Damu yangu imejaa mafuta. Mke wangu anahangaika nisife, na mimi nikawaacha nyie mumtukane. Suzana, nipe bakuli langu."

Nililia mbele ya watu, wala sikujali.

Evarist aliliweka tonge lake chini. "Baba alianguka shambani, mkono kifuani, akafa," akasema taratibu. "Na sisi tukamfukuza jirani, tukamwita mchawi."

Suzana akaliweka bakuli katikati ya sinia, akaja kupiga magoti mbele yangu.

"Wifi," akanong'ona, "hicho kipimo, na wanawake wanapimwa?"