Kibao cha Daktari wa Mawazo

Yule bwana mwenye mkoba alisimama nje ya karakana yangu akakisoma kibao, midomo ikitembea bila sauti, halafu akarudi nyuma kidogo akakisoma tena, kama mtu anayepimwa macho. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikivuta kitambaa cha kochi la mteja, misumari midogo mdomoni. Nikamkaribisha kwa kichwa. Nilidhani ni mgonjwa.

"Mzee, shikamoo. Huyu daktari yuko wapi?"

Nikatema misumari kiganjani. "Marahaba. Amesafiri, atarudi kesho. Kaa hapo, kochi hilo gundi yake imekauka. Una mawazo gani, kijana wangu?"

"Mimi natoka kwenye baraza linalosajili watu wa saikolojia," akasema. Hakukaa.

Heri ningeimeza ile misumari. Isingenichoma kama yaliyofuata.

Mimi shule sikuipata. Niliishia darasa la nne, nikakabidhiwa nyundo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatengenezea watu mahali pa kukaa. Lakini binti yangu alisoma mpaka vitabu vikamkimbia, na chanzo chake ni kiti.

Mama yake alilala wodini mpaka godoro likachukua umbo lake. Madaktari walipita asubuhi, wakasimama miguuni pa kitanda, wakazungumza juu yake kama watu wanaopitishiana chumvi, wakaenda. Siku moja akaja mama mmoja wa makamo, viatu bapa, hana hata kile chombo cha kusikilizia moyo. Akavuta kiti kilichochanika, akakaa, goti lake likigusa shuka. Akauliza, "Mama, unaogopa nini?"

Nilikasirika. Mgonjwa anaulizwa hivyo? Lakini mke wangu, ambaye kwangu alikuwa akisema "sijambo" asubuhi na jioni, alimjibu, mimi na binti yetu tukisikia.

"Namwogopea huyu mume wangu. Nikiondoka, atakuwa anakula amesimama."

Mama yule akawa anakuja. Mke wangu akaanza kuchana nywele kabla ya saa ya mgeni wake kufika. Halafu hakuja tena. Nikauliza, nikaambiwa mkataba wake umekwisha, na wakubwa wameona fungu la watu wa kuongea tu si la lazima. Wa kuongea tu. Mke wangu aliendelea kutazama mlango, na alikufa akiutazama. Kiti kilikuwepo, hakuna aliyekikalia.

Tulipotoka kuzika, binti yangu alisema, "Baba, nitasomea kazi ya yule mama wa kiti."

Akasoma. Siku ya shahada tulimfanyia kasherehe humu humu karakanani, wageni wamekaa kwenye makochi ya watu. Mjomba wake, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa, akamwita mbele ya wote.

"Haya, msomi wa akili za watu. Hebu soma, nafikiria nini sasa hivi?"

"Unafikiria sahani ya pili, mjomba."

Tulicheka mpaka springi zikalia. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilijua tumefika.

Wapi. Wiki hiyo hiyo alikaa juu ya robota la sponji akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Kwa shahada hiyo anaweza kuajiriwa ofisi ya wafanyakazi, kusaidia watafiti, kushika kazi kwenye kituo cha watoto. Lakini kukaa na mgonjwa na kuitwa mwanasaikolojia, hapana. Inatakiwa shahada ya pili, halafu afanye kazi chini ya msimamizi, halafu baraza limpime, ndipo leseni. Na daktari wa magonjwa ya akili ni mtu mwingine kabisa, huyo huanza kwa kusomea udaktari.

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unasomea nini, mama?"

"Nilikuwa nasomea kujua nisichokijua."

Akaenda kufanya kazi kiwanda cha mikate, akiwahoji wanaotafuta ajira. Jioni akisomea shahada ya pili, nguo zikinuka hamira. Akaipata. Ukaja huo usimamizi, na hapo ndipo nilipowafahamu wakubwa vizuri. Sheria ya usimamizi wameiweka, wasimamizi hawakuwaweka. Hospitali inakuambia haimpokei asiyesajiliwa, baraza linakuambia halimsajili asiyepita hospitali. Ni kama kuambiwa uoge kwanza ndipo uruhusiwe kuingia mtoni. Husemwa aliye juu mngoje chini. Tulingoja. Wale hawashuki.

Mwishowe akaahidiwa nafasi katika hospitali ile ile alikofia mama yake. Msimamizi amepatikana, bado kuitwa tu. Na katika kungoja huko, watu wakawa wanamfuata hapa karakanani: aliyefukuzwa kazi, aliyekosa usingizi, mwanamke asiyeweza kuingia chumba alichofia mwanawe. Naye kila mmoja anamsindikiza mpaka barabarani na kumwelekeza pengine. Nilimwona yule mwanamke akienda, mabega yameshuka kama koti lililotundikwa vibaya. Nikasema moyoni, hapana. Hili limezidi.

Kiwanda kilipompeleka semina mji mwingine, nilichukua kipande cha plaiwudi, nikakipiga msasa, nikampelekea mchora mabango. DAKTARI WA MAWAZO. KARIBU NDANI. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Mjomba wake akakipiga picha kwa simu, akaisambaza kwa majigambo mpaka ikamfikia asiyepaswa.

Aliporudi alikikuta kimeegemea ukuta, nimekishusha baada ya bwana wa mkoba kuondoka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Baba, umeniita daktari."

"Si ndivyo ulivyo?"

"Akija mtu hapa anataka kujiua, nami nikamshika vibaya, ni nani wa kunisahihisha? Msimamizi ndiye huyo."

"Na yule ambaye hakushikwa kabisa?"

Alivua viatu vya safari, akabaki amevishika mkononi.

Barazani tulikwenda wawili. Walikuwa watatu nyuma ya meza, na viti vyao, nilivitazama, vilikuwa vizuri. Nikasimama bila kuitwa. Nikasema kibao ni changu, msichana hakuwepo, kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi. Mwenyekiti, mama mpole wa sauti, akanijibu, "Mzee, tunakuelewa. Lakini jina hili linalindwa ili mgonjwa asije akadanganywa."

"Mke wangu hakudanganywa na mtu asiye na leseni," nikasema. "Alidanganywa na kiti kitupu."

Mmoja akaandika kitu. Binti yangu alinivuta shati nikae.

Hawakumfungia. Walisema ameponea chupuchupu, ila nafasi ile apewe mwingine, yeye arudi nyuma ya foleni. Nyuma ya foleni! Wao wanalitamka hilo wakiwa wamekaa. Wapo watakaosema mzee ndiye aliyemponza mwanawe. Waseme. Mimi siye niliyeufunga mlango wa ile hospitali. Aliyeichimba foleni hiyo kama shimo ndiye anayepaswa kuulizwa, si aliyetumbukia ndani yake.

Aliitwa baadaye sana, mvi zimeshaniingia kwenye nyusi. Hospitali ikampa msimamizi na chumba kilichokuwa stoo ya ndoo, ikamwambia fungu la viti halipo. Akanijia. "Baba, naomba viti viwili."

Nilivitengeneza kwa mbao ngumu, mgongo umelala kidogo, sehemu za mikono pana, kwa sababu mtu anayelia hutafuta pa kushika. Kimoja nilikosa plaiwudi ya kitako. Au tuseme sikuitafuta.

Alikuja kuvichukua na mkokoteni wa kukodi. Tangu mdogo nilimfundisha kwamba kiti hakiaminiwi kabla hakijapinduliwa, basi akavipindua. Cha kwanza sawa. Cha pili akakitazama kwa muda mrefu. Chini ya kitako, kichwa chini miguu juu, herufi nyekundu na vivuli vyake.

"Hiki hujakifunika chini."

"Kitambaa kiliisha."

Akatazama robota la kitambaa nyuma yangu. Akakata kipande, akakishika kwa pembe mbili, nami nikapigilia. Tulipomaliza akakigeuza, akakikalia kidogo, akakisikiliza.

"Hiki nitakikalia mimi," akasema. "Mgonjwa atapewa kile kingine."

Akavifunga kwa kamba mkokotenini. Alipofika mlangoni akageuka.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula umekaa?"

Nikajifanya natafuta nyundo. Ilikuwa mkononi.