Mwendo wa Jitske

"Tulia basi. Ukicheka, gololi zitadondoka."

"Si wewe unayenitekenya!"

Marloes, mtaalamu wa viungo, alikuwa amepiga magoti akimbandika Jitske vitufe vidogo vinavyong'aa kama gololi: nyongani, magotini, vifundoni. Kwenye mashavu ya miguu alimgandisha nyaya nyembamba za kusikiliza misuli. Pembeni, Wiebren alikaa amepakata koti la bintiye. Kazi yake ilikuwa kuinua daraja la mfereji huko kijijini kwao, Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, ili mashua zipite. Nusu ya kazi hiyo ni kungoja, naye alikuwa hodari wa kungoja. Lakini leo alilikunja koti, akalikunjua, akalikunja tena.

Jitske alikuwa na miaka tisa. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na mtindio wa ubongo ukamwachia miguu migumu. Daktari alifikiria kumpasua, arefushe kano na kunyoosha mfupa wa paja. Kwanza, alisema, kamera za chumba hiki zimtazame anavyotembea.

"Haya, mrembo. Tembea kama kawaida yako."

Jitske akatembea. Kwenye skrini ikatokea mifupa ya mistari, haina nywele wala uso, nayo ilitembea vizuri. Visigino viligusa sakafu. Magoti hayakugongana. Akaenda, akarudi, akaenda tena, midomo kaibana.

"Hongera!" Marloes akasema. "Kumbe umeimarika hivi!"

Wiebren akainamia koti. Huo haukuwa mwendo wa mwanawe. Juzi tu alivuka daraja kwa ncha za vidole, akijivuta kwenye reli, huku wenye mashua wakipiga honi. Na asubuhi hii, garini, alimwuliza: "Baba, nikitembea vizuri, hawatanikata?" Naye akajibu bila kufikiri, "Watakukatia nini tena?"

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Wangefika nyumbani kabla ya chakula cha jioni, mtoto akiimba njia nzima. Na miguu ingezidi kukakamaa, mwaka baada ya mwaka.

"Dada Marloes," akasema. Akainua uso. "Hivyo sivyo anavyotembea."

"Baba!"

"Anajikaza. Anaogopa kisu."

"Msaliti!" Jitske akaketi kwa kishindo, kitufe kimoja kikabanduka, kikabingirika hadi ukutani. "Msaliti mkubwa! Ulisema mwenyewe!"

"Nilisema. Nilikosea, mwanangu."

Marloes hakumkaripia yeyote. Aliketi sakafuni kando ya mtoto, akamgeuzia skrini ndogo. "Wengi hujikaza humu ndani. Hata mimi nikienda kwa daktari wa meno huwa jasiri wa uongo. Ona huu mstari. Ni msuli wa mguu wako wa kushoto. Unavyorukaruka! Hata mguu ukiwa hewani, haupumziki. Leo umeufanyisha kazi ya punda."

Jitske aliufuata mstari kwa kidole.

"Unauma," akasema.

"Sasa hivi?"

"Kila jioni."

Wiebren akasogea. "Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza kuvuka daraja peke yangu."

Na kweli, angemkataza.

Marloes akawatuma watembee kwenye korido, waende na kurudi mpaka mtoto achoke na asahau kujipanga. Mwanzoni Jitske alitangulia kwa hasira. Kisha akapunguza mwendo. Kisha mkono wake ukatafuta mkono wa baba yake. Waliporudi, kamera zikamwona: vidole chini, visigino juu, goti la kushoto likimlalia mwenzake. Mifupa ya skrini ikachechemea, na Wiebren akaitambua mara moja, kama unavyomtambua mtu wako akiwa mbali barabarani.

"Siwezi kuahidi kitu," Marloes akasema akibandua nyaya. "Daktari ndiye atakayesoma. Lakini ikibidi kukata, atakata palipo na shida tu. Huenda mfupa usiguswe kabisa."

"Asante, dada. Asante sana."

"Mshukuru huyu. Ndiye aliyefanya kazi."

Kwenye mgahawa wa hospitali Wiebren aliagiza supu ya njegere, na chapati nene yenye shira kwa binti yake. Jitske alikula bila kumtazama.

"Asante," Wiebren akamwambia.

"Ya nini?"

"Ya kutembea vibaya."

Jitske alijitahidi asicheke, shira ikamtoka puani. "Bado nimekununia," akasema akijifuta.

"Najua."

Baada ya muda, chini ya meza, mguu wa Jitske ukapanda juu ya paja la baba yake. Wa kushoto. Wiebren akaushika kwa viganja viwili. Msuli ulitetemeka, ukatulia, ukatetemeka tena. Supu ikapoa mbele yake, naye hakuondoa mikono.