Wilaya Yetu Wenyewe

Injini ya donki yetu ilinyamaza wiki chache kabla gavana hajaja. Donki ndiyo kisima chenyewe, na bomba lake, na birika la mifugo, na ugomvi wa foleni. Ikinyamaza, kijiji kizima hukosa usingizi. Mimi nilikuwa nakosa hata kabla, maana binti yangu Batul alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kila asubuhi alipanda punda pamoja na wanawake wengine kufuata maji Wad al-Faki, mchangani, jua likiwapiga kwenda na kurudi.

Wad al-Faki ni jirani zetu, na hatupendani. Wao wana maji matamu na omda mnene, ndiye mkuu wa kijiji chao. Sisi Um Hijlija tulikuwa na injini ya kukohoa na mume wangu, Omda Musaad.

Familia zilishaanza kuondoka. Leo unaona vitanda vimefungwa juu ya ngamia, kesho unakuta nyumba imebaki nguzo. Kila nguzo niliyoipita ilinipa hasira. Nilizaliwa pale, nikaolewa pale, na sikutaka mjukuu wangu azaliwe kwa watu.

Kwetu gavana akija kijijini huchinjiwa fahali mbele ya gari, anaruka damu, kisha anapanda juu ya pikapu na kutikisa bakora yake hewani. Ngoma ikitulia, mzee wa kijiji anapewa kipaza sauti na kuomba jambo moja, kubwa. Gavana akilikubali mbele ya umma amekubali, hawezi kulirudisha. Kwa hiyo tulikaa na kupatana, wanaume na wanawake, tukiwa timamu na chai mkononi: tutaomba injini mpya. Musaad mwenyewe ndiye aliyefunga maneno. Fahali alikuwa wangu, na nilimtoa bila kinyongo.

Siku yenyewe Musaad alianza vizuri. Alimshukuru Mungu, akamshukuru rais aliyemteua gavana, akamshukuru gavana aliyeyaona mavumbi yetu. Mimi nilikuwa mbele ya wanawake, natikisa kichwa kila neno. Ndipo vijana wa nyuma walipoanza kupiga kelele: wilaya, wilaya. Walikuwa na donda, sikatai. Sisi tulikuwa chini ya wilaya ya Abu Sinta, na kamishna alitoka kwao, na fundi wa maji alitoka kwao, akija kwetu akijisikia. Makabila madogo kuliko letu yalikuwa na wilaya zao, na bendera, na gari la kamishna. Nilimwona Musaad anavimba kifua, nikajua tumekwisha.

"Mheshimiwa," akasema, "injini huomba watu walio chini ya watu. Sisi tunaomba wilaya yetu wenyewe."

Gavana hakufikiri hata kidogo. Aliinua bakora. "Mmepata," akasema, na vumbi likapanda mpaka sikumwona tena. Vigelegele vilitoka kila upande. Wilaya haimgharimu gavana kitu siku ya kuitoa, ni maneno tu. Mimi nikaenda kutazama nyama.

Fundi wa Abu Sinta alikuwa ameshaifungua injini yetu na kuipanga vipande vipande juu ya gunia. Habari zilipomfikia, alikusanya spana zake. Nilimsihi amalize tu kazi aliyoianza. Akacheka kwa adabu, akasema sisi si wao tena, na vifaa vya Abu Sinta ni vya watu wa Abu Sinta. Vipande alituachia.

Nikapanda lori nikaenda makao makuu ya jimbo. Musaad alisema mambo ya serikali yana ngazi zake, mwanamke atapotea. Nilimjibu kwamba mwanamume ameshatupoteza. Huko nilitumwa mlango huu na ule, na kote walikuwa wapole, jambo lililonichosha zaidi. Mwishowe kijana wa ofisi ya maji akaniketisha, akaniagizia chai, akanieleza. Injini zipo, na jimbo hutoa. Lakini jimbo humpa kamishna wa wilaya, na wilaya yetu haina kamishna bado. Kamishna huteuliwa na gavana, naye gavana huwasikiliza kwanza wakubwa wa Khartoum. Akishateuliwa atahitaji bajeti, na bajeti lazima ipite baraza la jimbo, na baraza linaisubiri wizara ya fedha ya jimbo, na wizara inasubiri fungu kutoka serikali kuu. Alinionyesha yote kwa vidole vyake mezani, kutoka juu mpaka chini, na sisi tulikuwa nje ya meza.

"Sasa mwanangu," nikamuuliza, "sisi leo tuko chini ya nani?"

"Chini yenu wenyewe, mama."

Nilirudi nikamkuta Musaad anapanga mawe. Hapa polisi, hapa mahakama, hapa ofisi ya kamishna, na mlango utazame kusini. Alikuwa akiyapitia mawe hayo asubuhi na jioni, na akiona moja limesogezwa na mbuzi anaghadhibika. Tuligombana mpaka majirani wakakoma kuja kusikiliza. Nilimwambia anajenga mji huku watu wanahama. Akasema kamishna akija, wote watarudi. Aliamini kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Kamishna aliteuliwa tukamsikia redioni: Hatim fulani, mtu wa kaskazini ya jimbo, hakuna anayemjua. Ikaja habari kuwa atapita vijiji vya wilaya mpya, chetu na Wad al-Faki nao wamo, kuchagua pa kuweka ofisi. Musaad akapata kondoo, mkeka mpya, marashi. Maji ya mgeni ya kunywa, ya kutawadha na ya kupikia wakaenda kuyafuata wanawake alfajiri, pale pale Wad al-Faki. Batul alikuwa mzito, nikamzuia nyumbani.

Magari yalifika adhuhuri, yakitoa mvuke mbele. Kamishna alishuka, mtu mwembamba, midomo imemkauka. Kabla ya salamu kwisha, aliomba maji. Musaad akasema yako njiani. Wakazungumza habari za mvua. Kamishna akauliza tena, kwa aibu, kama watapata angalau ya kutawadha. Yako njiani, bwana. Dereva alikuwa amefungua boneti, gari nalo likitaka maji, na anatutazama kana kwamba tumemwibia.

Wanawake wakatokea, na kwa namna punda walivyokimbia nilijua mitungi ni mitupu. Aliyetangulia hakuthubutu kumtazama Musaad. Akaniambia mimi, lakini wote walisikia: omda wa Wad al-Faki amekataa kujaza mitungi leo. Amesema mgeni akiwa na kiu, apelekwe kwenye maji.

Kwetu mgeni kukosa maji ni jambo ambalo watoto wako watatukanwa nalo. Kamishna hakuwa mtu mbaya. Alimshika Musaad mkono kwa muda mrefu, akamwambia Mungu atawafungulia. Kisha wakapanda magari wakaelekea Wad al-Faki, na hakurudi. Leo kibao cha Wilaya ya Um Hijlija kimesimama kule, mbele ya birika la omda mnene, na bendera juu yake.

Waliobaki wakaanza kufunga vitanda. Batul alipoanza kuumwa kiuno cha uzazi nilifunga vitanda vyetu na sisi, nikampandisha juu ya punda kuelekea Wad al-Faki. Musaad alikaa ndani. Omda anayehamia kwenye maji ya omda mwingine haitwi omda tena, hakuna asiyejua, nami sikumwita aje nasi. Nilikuwa nimejawa na hasira, na chini ya hasira nilimhurumia.

Tulikuwa tumeshaupita mti wa mwisho niliposikia miguu mchangani. Alikuja kichwa wazi, bila kilemba wala bakora ya uomda, akanipokonya kamba ya punda na kutangulia.

"Mama Batul," akasema bila kugeuka, "wakiuliza mimi ni nani, waambie ni mume wako. Usiongeze kitu."