Pigo Baada ya Kufungua

Kitu cha kwanza nilichogundua pale ukumbini Kibaha ni kwamba chaki ina sauti. Mpinzani wangu, Rukaya, alikuwa anaipaka kwenye ncha ya fimbo yake, mimi nikiwa upande wa pili wa meza, na bado niliisikia ikikwaruza. Nilikuwa nimecheza pool miaka yote bila kuijua sauti hiyo.

Kwetu Maneromango meza ya kaka Sadick iko kwenye banda lililoegemea ukuta wa mashine ya kusaga mahindi. Mashine ikiwaka, mtu akikuita mbele ya uso wako unamwangalia midomo. Kwa hiyo bandani mambo yetu tunayafanya kwa kugonga. Ukigonga ubao wa meza mara moja kwa kitako cha fimbo, umekubali kwamba umecheza faulo. Ukigonga mara mbili, unasukuma. Hakuna anayeuliza zaidi. Mimi si mtu wa maneno mengi, na kwenye meza ile hakuna aliyewahi kuliona hilo kama kasoro.

Sadick ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Nilipoacha shule darasa la tano nilianza kumfagilia banda lake asubuhi, na wateja wakiwa bado hawajafika alinifundisha mchezo wa mipira tisa. Yeye ndiye aliyeniandikisha Kibaha. Mkoa ulikuwa unatafuta mwanamke wa kwenda mashindano ya taifa, na nafasi ilikuwa moja tu, ya atakayeshinda fainali. Baba alikubali kwa shingo upande. Alisema niende nikajaribu siku hiyo, nikishindwa habari za meza ziishe, nirudi shambani kama watoto wa wenzake. Nikaitikia ndiyo, baba.

Nilifika fainali. Aliyebaki mbele yangu alikuwa Rukaya wa Mlandizi, dada mrefu mwenye mdomo mwepesi, ambaye kila mtu ukumbini alimjua. Kabla hatujaanza alinitazama kuanzia ushungi mpaka viatu, akaniuliza kama Maneromango kuna umeme au tunacheza kwa kurunzi. Watu wakacheka. Sadick akamjibu kutoka kwenye benchi kwamba kurunzi tunazileta Mlandizi kuuza. Mimi nilikaza ushungi tu.

Mchezo huu una masharti tangu pigo la kwanza, lile la kufungua. Mpira mweupe lazima uguse namba moja kabla ya mwingine wowote. Usipoingiza kitu, angalau mipira minne ifike ukingoni, la sivyo ni faulo na mwenzako anauweka mweupe anapotaka. Rukaya alikuwa anafungua kwa nguvu zote, mwili mzima ukiifuata fimbo, na watu walimpigia makofi kabla mipira haijasimama. Mimi nafungua kutoka pembeni, karibu na ukingo wa kushoto, kwa nguvu ya kati. Nataka mpira wa ubavuni mwa rundo uingie shimo la kona, na ule mweupe ubaki katikati ya meza, mahali ninapoweza kuukuta.

Baada ya kufungua kuna ruhusa moja. Namba moja ikijificha, mwenye zamu anaweza kusukuma, yaani anaupeleka mpira mweupe anapotaka bila kulazimika kugusa chochote. Kisha mpinzani anachagua acheze yeye au akurudishie wewe. Ni pigo la kutega. Unatafuta mahali ambapo yeye atasita na wewe hutasita.

Tulikuwa tunatafuta wa kwanza kufikisha gemu tano. Tukiwa tatu kwa tatu, nilifungua, mpira wa ubavuni ukaingia, lakini namba moja ikajificha nyuma ya namba sita. Sikuhangaika. Niligonga ubao mara mbili, nikausukuma mweupe taratibu mpaka ukingo wa mbali, nikarudi nyuma kumsubiri Rukaya achague.

Refa, mzee mmoja mwembamba aitwaye Evodius, aliinua mkono. Alisema faulo.

Sadick alisimama akaanza kueleza habari za mashine, kwamba kwetu kugonga ndiko kutangaza. Mzee Evodius alimsikiliza mpaka mwisho bila hasira. Alisema sheria inataka mchezaji atangaze kwa mdomo kabla ya kupiga, refa asikie, na kama hakutangaza, pigo linahesabiwa la kawaida. Mweupe haukugusa namba moja. Sadick alikuwa amewahi kunisomea sheria hiyo kwenye simu, na sisi wote wawili tulipofika kwenye neno kutangaza tuliona akilini mkono ukigonga.

Rukaya alichukua mpira mweupe kwa vidole viwili. "Hapa hatupigi hodi, mdogo wangu," aliniambia. "Hapa tunasema."

Akamaliza gemu ile bila kukosea. Nne kwa tatu.

Nilikaa kwenye kiti nikiona aibu imenipanda mpaka masikioni. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kigumu, nacho kilikuwa kinahesabu. Niliona kwamba Rukaya akishangiliwa anaongeza nguvu. Niliona pia kwamba tangu asubuhi, kila mpira mweupe ulipomgandia ukingoni, alizunguka meza mara mbili kabla ya kuupiga. Mimi hilo halinisumbui. Upande mmoja wa meza yetu bandani fimbo inagota ukuta wa mashine, na nimezoea kupiga nimeinua kitako cha fimbo juu, nikiugusa mpira kwa ncha ndogo tu.

Gemu iliyofuata alifungua yeye. Walishangilia, akapiga kwa nguvu kuliko zote za siku hiyo, na mpira mweupe ukaruka nje ya meza, ukaviringika chini ya viti. Faulo. Mzee Evodius alinipa mweupe mkononi. Nilisafisha meza kuanzia moja mpaka tisa, polepole, bila kuangalia watu. Nne kwa nne.

Gemu ya mwisho ilikuwa zamu yangu kufungua. Nilipiga kutoka mahali pangu pale pale, kwa nguvu ile ile. Mpira mmoja ukaingia kona. Nikainama kuangalia, na namba moja ilikuwa imefichwa tena, safari hii na namba nne.

Nilijua pa kuupeleka mweupe. Nilijua mpaka kasi yake. Kilichobaki kilikuwa kulisema neno moja. Mkono wangu wenyewe ulishageuza fimbo, kitako kikielekea ubao. Niliurudisha.

Nilisema. Mzee Evodius aliinamisha kichwa, akaniambia hakusikia.

"Nasukuma," nikasema, na safari hii hata wa mlangoni walisikia.

Nikausukuma mweupe mpaka ukalala kabisa kwenye ukingo. Kutoka pale namba moja ilionekana, mbali, karibu na shimo la kona. Mtu yeyote angeweza kuipiga. Rukaya alizunguka meza mara moja. Akazunguka tena. Akanitazama usoni kutafuta mtego ulipo, kisha akaipumzisha fimbo begani.

"Cheza mwenyewe," alisema.

Niliinua kitako cha fimbo, nikaugusa mweupe juu juu. Ulikwenda safari ndefu, namba moja ikaingia bila kugusa mdomo wa shimo. Zilizofuata nilizipiga moja moja. Namba saba ilitetemeka mlangoni kabla ya kuanguka, nikasikia Sadick akivuta pumzi. Nane. Tisa.

Rukaya alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Aliniuliza jina, nikamwambia naitwa Biubwa. Akasema huko taifa nisije nikawanong'oneza marefa, wengine ni wazee kuliko huyu.

Nje, Sadick alikuwa ameshampigia baba simu. Alimweleza kila kitu, mpaka habari za kugonga, kisha akanipa. Nikamwamkia baba, shikamoo, akaitikia marahaba. Akasema amefurahi, amemshukuru Mungu. Kisha akasema basi, nimejaribu na nimeona, sasa nirudi salama, mahindi yanataka palizi, na huko taifa watamtafuta mwingine.

Kwetu mtoto anamwambia baba yake naomba, au ananyamaza. Mimi miaka yote nilikuwa nanyamaza. Sadick alinyoosha mkono achukue simu aniombee yeye. Nikaihamishia sikio la pili.

"Baba," nilisema, "nafasi hiyo ni yangu. Nataka kwenda."