Kifundo cha Mguu wa Koki

"Mimi, mwanangu, tangu nishike futi sijawahi kukosea kipimo," Bi Futi, fundi cherehani, alimwambia muuguzi, kidevu juu. Kisha akamtupia jicho mgonjwa aliyelala kitandani, akajisuta kabla hajasutwa. "Ukiondoa suruali ya harusi ya huyu. Ilimpasukia mbele ya wakwe, na aliyekaa mstari wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi."

Mgonjwa alicheka ndani ya barakoa ya oksijeni mpaka kikohozi kikamkatiza. Alikuwa mumewe, fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Koki.

Mafua makali yalimwangusha nyumbani siku nne, yakashuka mapafuni, na baada ya kulazwa yakafika mahali ambapo Bi Futi hakujua kwamba mafua yana ruhusa ya kufika: kwenye figo. Daktari, binti mwembamba aliyechomeka kalamu kwenye nywele, alimweleza polepole. Homa ilimkausha maji, mwili ukakosa hewa ya kutosha, virusi navyo havikuwa na huruma, basi figo zikasusa. Chupa ya mkojo iliyokuwa ikijaa mara mbili kwa siku sasa ilipata matone ya kulowanisha chini tu. Maji mengine yote yalibaki mwilini na kumvimbisha miguu.

"Nimezibua mabomba ya dunia nzima," Koki alinong'ona, "ya kwangu yananigomea."

"Nyamaza, usimalize pumzi kwa utani."

"Nisipotania nitafanya nini, Bi Futi? Nishone?"

Muuguzi alimpa Bi Futi karatasi aandike kila kinachoingia kinywani mwa mzee na kila kinachotoka. Bi Futi akajiongezea kazi yake mwenyewe: asubuhi na jioni alizungusha futi kwenye kifundo cha mguu wa mumewe. Inchi kumi. Kumi na nusu. Kumi na moja. Alimpima kwa wepesi, kama anayempima bwana harusi, ili asijue kwamba inchi zinapanda.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuliandika kwenye karatasi ile.

Miaka ya kupiga magoti chini ya masinki ilimwachia Koki magoti mabovu. Homa ilipoanza, maumivu yalizidi, na Bi Futi alinunua vidonge vyekundu kwenye duka la dawa. Alimpa viwili kila siku, siku zote nne za nyumbani. Koki alipolazwa, Bi Futi aliendelea kumpa. Alivifunga kwenye ncha ya leso, pamoja na pini zake, akampenyezea kila asubuhi kabla daktari hajapita. Koki alisogeza barakoa, akapokea, akanywa funda la maji na kusema, "Ahsante, mke wangu. Goti limelainika kama mkate."

Siku ya kwanza hospitalini daktari aliuliza, wodi nzima ikisikiliza, kama mzee anatumia dawa nyingine yoyote. Bi Futi hakutaka kuonekana mshamba. Akajibu, "Hata kidonge, mwanangu."

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, daktari alirudi na majibu ya damu. Taka ambayo figo zilipaswa kuichuja ilikuwa imepanda tena. "Kama hali ni hii mpaka jioni," alisema, "tutamwunganisha na mashine ya kusafisha damu. Mapafu yake bado ni dhaifu, kwa hiyo sitawaficha, si jambo jepesi. Bibi, nakuuliza tena. Hakuna dawa yoyote ya maumivu? Baadhi yake huzikaba figo zilizochoka."

Bi Futi alimtazama mumewe. Koki alikuwa amesinzia, mdomo wazi, mguu uliovimba umetoka nje ya shuka. Bi Futi akamvuta daktari kwa mkono wa koti hadi kwenye korido, akafungua leso. Pini zilimwagika sakafuni.

"Nimemwua mume wangu kwa mikono yangu," alisema. "Viwili kila siku. Siku saba. Na nikakudanganya mchana kweupe."

Alisubiri kufokewa. Daktari aliinama, akaanza kuokota pini moja moja.

"Umeniambia leo," alisema. "Wengine hawaniambii kabisa. Mapigo ya moyo wake yametulia, na anapumua vizuri kuliko jana. Kama ni vidonge, tukiviacha figo zinaweza kuamka. Nitasubiri hadi kesho."

Bi Futi hakumwambia Koki. Alikaa kando yake, akamfunika mguu, akausugua unyayo taratibu kama alivyowasugua watoto wao walipokuwa wachanga, akazihesabu dhambi zake zote kuanzia ile suruali.

Kesho yake asubuhi Koki aliomba chupa. Bi Futi aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kilichopatikana: mililita mia mbili. Kabla ya saa sita, mia tatu nyingine. Jioni chupa ilijaa, naye akapita nayo katikati ya vitanda kama mtu aliyeshinda kikombe, wagonjwa wakapiga makofi.

"Koki imefunguka!" mmoja alipiga kelele.

Mashine haikuhitajika tena. Baada ya siku mbili futi ilisoma inchi tisa na nusu, mguu wa Koki aliyemjua. Bi Futi aliuinamia mguu ule kwa muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji.

Asubuhi ile muuguzi alikuja kubadilisha shuka. Alipotikisa foronya, kitu kikaanguka: kifurushi kidogo kama kidole gumba, kimezungushiwa utepe mweupe.

"Bibi, hiki ni chenu?"

Bi Futi alikifungua. Vidonge vyekundu. Alihesabu, akahesabu tena, maana macho yalikuwa yameanza kumlowa. Kumi na vinne. Hakuna hata kimoja kilichomezwa, si nyumbani, si hapa.

"Mzee," alisema kwa upole mno, "goti lililainika kwa kitu gani?"

Koki alitazama dari. "Hivyo si vyangu. Vya jirani wa kitanda hicho, yule aliyeruhusiwa jana."

"Ala! Kumbe jirani naye alitembea na utepe wa kufungia mabomba? Akauzungusha mara tano, kwenda kulia, mwisho akaukata kwa meno yaliyo na pengo?"

Koki alifumba macho na kuanza kukoroma.

Bi Futi alimshika mkono, akaubusu kidoleni. "Mwanangu," alimwambia muuguzi, "andika kwenye karatasi: miaka arobaini na mmoja nimelala na mtu huyu. Akilala kweli, hupiga mluzi."

Mkoromo ukakatika.