Kinyago cha Mzee Segundo

"Zima hizo kengele, dada Jessenia," alisema Freddy, msimamizi wa zamu, akipita na sahani yake ya wali katika chumba cha kamera za usalama za jiji. "Leo kamera zote zimeingiwa na wazimu."

Wazimu wapi. Zilifundishwa kupiga kengele zikimwona mtu ameketi muda mrefu bila kusogea, na leo, siku ya mwisho wa mwaka, jiji zima la Guayaquil lilikuwa limeketisha masanamu milangoni: nguo kuukuu zilizojazwa vumbi la mbao, vinyago usoni, yakingoja kuchomwa usiku kuuaga mwaka. Jessenia alizima kengele mtaa baada ya mtaa. Moja tu aliiacha, kwa kuwa ilimchekesha.

Kwenye kamera hiyo mzee Segundo Tomalá, fundi cherehani mstaafu, alikuwa amevaa kinyago na kuketi kati ya masanamu yake mawili. Kila mtu akipita, mzee alimrukia kumshtua. Alikwisha kumtimua hata padri.

Kengele ikalia. Mraba mwekundu ukamzunguka mzee. Jessenia akaifuta, ikalia tena. Mashine haichoki, wala haioni haya kurudia neno lile lile, na kwa hilo aliipenda kuliko wakubwa wake wengi.

Ndipo akapita muuza mahindi, mama mwoga ajulikanaye mtaa mzima. Akatua kapu miguuni pa mzee, akajifuta jasho, akajitwika tena, akaenda zake.

Mzee hakumrukia.

Jessenia aliingiwa na hofu. Akaagiza gari la wagonjwa, kisha akampigia Bi Auria, mke wa mzee, ambaye ndiye mjumbe wa mtaa.

"Mwache tu, mwanangu," Bi Auria alicheka. "Ukimsogelea ndiyo unampa raha."

"Mama, mvue kinyago. Sasa hivi, nakuomba."

Kwenye skrini Bi Auria alitoka akijikinga kwa mkono, ameshajiandaa kushtuliwa. Akakiinua kinyago. Kamera haikuwa na sauti, lakini Jessenia aliuona mdomo wake ukifunguka.

Jioni hospitali ilisema ni moyo, na kwamba amewahiwa. Mzee alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa nani amepita bila kushtuliwa. Jessenia alicheka huku machozi yakimtoka.

Kengele nyingine ikalia. Freddy alikuwa amesimama nyuma yake, na safari hii hakumwambia aizime. Jessenia aliisogeza picha karibu, akaitazama mpaka akaona vumbi la mbao likimwagika kwenye mkono wa shati. Ndipo akaifuta, akageukia inayofuata.