Simu Iliyobaki Chini ya Kantini

Saa tatu asubuhi Bilkisi alikuwa amekwisha kuosha sufuria za maharagwe, na simu za wenzake kumi na wanne zilikuwa zimepangwa chini ya ukuta wa kantini. Zilikuwa zinajaa umeme. Hapakuwa na waya wala priza ya kuchomeka.

Tangu corona iingie, kampuni ilitaka kila mfanyakazi wa mgodi awe na aplikasio ya simu inayoandika nani amekaa karibu na nani. Ilitaka Bluetooth iwake kutwa, na Bluetooth ilimaliza bateri. Kufika saa sita simu nyingi zilikuwa zimekufa, na aliyefika langoni jioni na simu iliyozimika, kesho yake alirudishwa nyumbani.

Simu ya Bilkisi peke yake ilikuja na thelathini kwa mia ikarudi na mia. Kila alipoegemea ukuta ule, ilijiunga yenyewe na simu ya Shafii, mita tisa chini, ikapewa umeme. Wenzake walipoona hivyo, wakaleta na zao.

Shafii alikuwa mume wake, mchimbaji wa mkono asiyeajiriwa, huko kwenye machimbo ya Mashamba. Mwezi wa pili tangu sheria hiyo alimwomba mkewe amtumie aplikasio. Alifikiri mwenye kuwa nayo ni mfanyakazi tayari. Bilkisi naye alifikiri vile vile. Akamtumia kwa Bluetooth, wamekaa mkekani, simu zikigusana. Kesho yake mlinzi aliona rangi ya kijani kwenye kioo cha simu yake, akamfungulia lango. Siku ya tatu udongo ulishuka shimoni alimokuwa. Kampuni ilisema shimoni hamkuwa na mtu, maana rejista haikuwa na jina lake. Wakafukia, wakajenga kantini juu yake.

Bilkisi alitaka mumewe atolewe, aoshwe, avikwe sanda, alazwe kuelekea kibla. Hakutaka kingine.

"Tata Shafii hata kibiriti hakukuwa anaazima mutu," alisema Mwadi, mpishi mwenzake, akiweka simu yake ukutani. "Leo analisha kampuni muzima courant! Umwambie akaze, mi niko na mbili kwa mia tu."

Bilkisi alicheka kidogo, akafuta mikono, akaenda byuro, ofisini kwa tata Muteba, karani wa aplikasio.

Muteba alitazama kioo cha mashini yake. "Mama Bilkisi, mashini inasema unakaa na mutu mumoja masaa ine kila siku. Shafii Masudi. Mita tisa."

"Njo yeye bwana yangu, tata. Iko chini ya kantini. Mulisema hamuna mutu. Sasa mashini yenu inasema iko."

"Mashini haisemi bongo, haidanganye."

"Basi bamutoe, nimuzike."

Muteba alijisugua macho. Alikuwa amelala vibaya wiki nzima. "Kutoa ni byuro ingine, mama. Bale banaangalia rejista, na mu rejista jina yake haiko. Mi niko wa aplikasio tu."

Akaandika kile ambacho kanuni ilimruhusu. Karatasi ilitoka mbili, zenye muhuri: moja ya Bilkisi, moja ya Shafii. Ilisema kwamba Shafii Masudi, kwa kuwa hajapimwa homa siku mia mbili na arobaini, abaki karantini palepale alipo siku kumi na nne, asihamishwe, asiguswe na mtu.

"Na siku zikiisha?"

"Atakuya kupimwa. Asipokuya, tunaongeza zingine."

Bilkisi alisema asante, kwa sababu Muteba hakuwa mtu mbaya. Alirudi kantini na karatasi zote mbili. Akasogeza simu ya Mwadi, akaketi, mgongo ukutani, akasoma polepole kwa sauti, kila neno, mpaka muhuri.

"Bamesema ubakie fasi ile, pale uko, Shafii," akamwambia.

Akangoja kidogo, kumpa nafasi ya kujibu, kisha akavuta ungo akaanza kuchambua mchele wa saa sita.